Wino Mweusi na Meseji ya Saa Tisa

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, blanketi zito na saa ya ukutani. Blanketi nalielewa, maana baridi ya Njombe haistaafu. Saa sijui walinipa ya nini mtu ambaye kuanzia kesho yake hakuwa na mahali pa kuwahi. Neema, aliyerithi meza yangu kule Makambako, alinipa daftari tupu. Akasema, "Mama, andika ya kazini kabla hujaanza kusahau. Sisi wageni kuna mambo tunayafanya hatujui hata yalianzia wapi."

Basi naandika. Vyeo sitavigusa; vilikuwa viwili na vyote vilichelewa. Nitaandika habari ya kichupa cha wino, na habari ya meseji moja ambayo nusura imwangushe mtu mzima mbele ya watu wake. Meseji hiyo niliipigania mimi mwenyewe mpaka ikakubaliwa.

Nilianza kazi maktaba ya Njombe nikitokea kwetu Ipelele, nimevaa sweta mbili na viatu vya kuazima. Mkuu wangu alikuwa Mzee Nyagawa, Mbena mrefu aliyezungumza kwa sauti ya chini hata akiwa sokoni. Alinisalimia "Kamwene," nikaitikia kwa lafudhi yangu ya Kikinga, akatabasamu kidogo. Nilitegemea atanionyesha vitabu. Yeye alinipa kijiti kilichofungwa kitambaa nchani, na kichupa cha wino mweusi.

Enzi hizo kila kitabu kilikuwa na kimfuko nyuma, na ndani ya kimfuko kadi. Mtu akiazima, unaandika jina lake kwenye kadi na kuibakiza mezani. Akirudisha, unairudisha kadi kwenye kimfuko. Hivyo ndivyo walivyofanya kila mahali. Kwa Mzee Nyagawa kulikuwa na hatua moja ya ziada: kabla kadi haijarudi, unalipaka wino jina la mtu mpaka lisisomeke, unasubiri likauke, ndipo kitabu kinapanda rafuni. Nilimuuliza kwa nini tunajipa kazi mara mbili.

"Kitabu kimerudi," alisema. "Na yeye mwache aende zake."

Hayo tu. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Mama yangu alipokuja kunitembelea alivitazama, akauliza kama serikali imeniajiri kuuza mkaa.

Maana ya wino niliielewa siku alipokuja mwalimu mkuu mmoja, mtu mkali na maarufu. Alikuwa amesikia kwamba binti mmoja wa shule yake aliazima kitabu cha uzazi, na alitaka jina. Hakutuficha kwamba binti huyo akimpata atamfukuza. Mzee Nyagawa hakubishana naye. Alikwenda rafuni, akakitoa kitabu chenyewe, akachomoa kadi na kumkabidhi. Kadi nzima ilikuwa madoa meusi, safu baada ya safu. Yule mwalimu aliipeleka dirishani akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaiinua tena. Jina la mwisho nililipaka mimi, asubuhi ileile, kwa haraka, na sikuwa na hakika kama wino ulitosha. Alisimama pale dirishani muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akaiweka kadi mezani, akaondoka bila kuaga.

Jina lile nilikuwa nalijua. Nalijua mpaka leo na silitaji. Tangu siku hiyo hakuna aliyenihimiza tena kupaka wino. Hata nilipopewa kazi ya kutembeza masanduku ya vitabu, kuanzia Ludewa mpaka Lupingu kule ziwani, kichupa nilikibeba ndani ya soksi kisije kikamwagika njiani.

Baadaye nilihamishiwa Makambako, na huko mambo yalikuwa mengine. Njombe wasomaji wetu walikuwa wanafunzi na watumishi. Makambako ni njia panda; watu wanatoka kila mkoa, na mchana kutwa unasikia malori yakipunguza mwendo. Waliingia madereva wanaosubiri mzigo, wakaingia akina mama wa sokoni, wakaingia vijana waliotaka kujifunza kompyuta. Ili tusikae kulinda vumbi, tukaanzisha masomo ya kompyuta asubuhi, na kisomo cha watu wazima kila Jumatatu na Jumatano saa nane mchana, katika chumba cha nyuma tulichokuwa tunahifadhi magazeti ya zamani. Chumba hicho kilikuwa na mlango wake wa uani. Watu wazima wengi walipenda kuingilia huko, na mimi sikuwauliza sababu.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu alikuja mzee nitakayemwita Shabani. Mji mzima ulimfahamu. Alikuja Makambako kijana kutoka Singida, akawa na malori, akawa na gereji kubwa barabarani, na msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele. Siku ya kwanza alichukua gazeti, akaketi nalo nusu saa bila kufungua ukurasa wa pili. Watu walipopungua akaja mezani kwangu.

"Mwalimu," alisema, maana huko kila anayeshika kitabu ni mwalimu, "kile chumba cha nyuma kinapokea watu wa umri gani?"

"Wa umri wowote, Mzee wangu."

"Na nani anajua nani yumo?"

"Waliomo tu. Na mimi."

Alikuwa amesoma madrasa, herufi za Kiarabu alizifahamu vizuri, lakini hizi zetu hakuwahi kufundishwa. Barua na meseji zake zote alisomewa na Idrisa, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea na kumpa ofisi ya gereji. Sasa Idrisa alikuwa na karatasi. Alimwambia ni ya kuomba kibali cha kuongeza banda la gereji, na kwamba watakwenda kuitia saini Alhamisi fulani ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Mzee aliiona karatasi hiyo mara moja tu, na ilikuwa ndefu mno kwa kibali cha banda. Halafu Idrisa aliikunja haraka.

Nilimwambia aje nayo nimsomee. Akatikisa kichwa.

"Anakaa nayo yeye. Na kusomewa nimesomewa miaka arobaini, Mwalimu. Nikimpeleka mtu wa kunisomea, kijana ataniletea karatasi safi, na ile nyingine itasubiri siku nitakayoumwa. Nataka niisome mwenyewe, hapo hapo, asijue kwamba najua."

Tulikuwa na wiki saba. Kwa mtu anayeanzia sifuri ni muda mfupi, lakini yeye alishajua kwamba herufi ni sauti, kwa hiyo hakuanzia sifuri. Shida yake ilikuwa kuanza mstari kutoka kulia pindi akichoka. Nilimwazimisha kitabu cha kujifunzia, *Nashika Herufi: Kwa Watu Wazima Wanaoanza*, akaenda nacho ndani ya koti na kukificha kwenye kabati la zana. Nilipokuwa namsajili aliuliza jina lake linabaki wapi.

"Kwenye kompyuta, Mzee. Ni siri."

Nililisema hilo kwa kujiamini kabisa, na bado linaniuma.

Kompyuta zilikuwa zimetufikia miaka michache nyuma, na mimi nilizipokea kwa mikono miwili. Wenzangu wa rika langu walinung'unika; mimi nilipenda ule mlio wa kifaa kinaposoma mistari ya kitabu. Kadi zilichomwa, vichupa vya wino vikatupwa. Mwaka ule aliokuja Mzee Shabani mtandao wetu ulianza kutuma meseji za kuwakumbusha watu kurudisha vitabu, lakini zilisema tu "kitabu chako," na watu walipiga simu kutwa kuuliza kitabu kipi. Kwenye kikao cha Njombe nilisimama nikashauri meseji itaje jina la kitabu. Wakanipigia makofi. Festo, fundi wetu wa mitambo, alisema ni kazi ya siku mbili. Nilirudi Makambako nimefurahi, na njia nzima sikumkumbuka Mzee Nyagawa hata mara moja.

Ikafika Jumatano, kesho yake ndiyo Alhamisi ya saini. Mzee Shabani alikuja mapema. Siku hizo alikuwa anasoma sentensi nzima, polepole, kidole chini ya neno. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo tulisogeza meza karibu na dirisha. Kwenye saa nane na nusu nikamwambia, "Mzee, toa simu yako, tujaribu kusoma meseji. Huko watu huandika vibaya, litakuwa zoezi zuri."

"Simu haikai na mimi," alijibu. "Iko ofisini kwa Idrisa. Meseji zangu zote hunisomea yeye."

Nilisimama. Kitabu chake, nilichompa kwa wiki zote saba, kilitakiwa kurudishwa kesho yake. Meseji za kukumbusha zilitoka siku moja kabla, saa tisa kamili, na ile namba aliyonitajia siku ya kumsajili niliiingiza mimi kwa mikono yangu. Sikumuuliza simu inakaa wapi. Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kufikiri kwamba mtu asiyejua kusoma ana meseji, na kwamba kwa lazima kuna mwingine anayezisoma.

Nilimwambia. Sikuona namna ya kumficha. Alifunga daftari, akaweka mikono juu yake.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

Zilibaki dakika ishirini na tano. Kompyuta ilikuwa imezimika, na hata ingewaka nisingeweza kufuta kitu bila mtandao. Nilitoka mpaka ukumbini nikampigia Festo. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga simu ya ofisi ya Njombe, wakaniambia yumo kwenye kikao na wakubwa. Nikasema wamtoe. Dada wa mapokezi alicheka, akidhani natania, na mimi nilimjibu kwa maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi.

Festo alipiga saa tisa na dakika sita.

"Mama, kuna nini?"

"Meseji za leo. Zizuie."

"Zimeshatoka. Orodha hutengenezwa asubuhi, saa tisa inajituma yenyewe."

Niliketi chini kwenye ngazi ya kupandia rafu za juu. Kutoka gereji ya Mzee mpaka maktaba, kwa pikipiki, ni dakika kumi, na Idrisa hakuwa mtu wa kuichelewesha meseji ya namna ile. Nilihisi woga na hasira pamoja, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilivitazama vidole vyangu, safi kabisa. Ndipo nikakumbuka ile kadi dirishani.

"Festo," nilisema, "unaweza kutuma meseji moja kwa wasomaji wote wa Makambako?"

"Naweza. Kuwaambia nini?"

"Hiyohiyo ya kurudisha kitabu. Kila mmoja kwa jina lake. Kitabu andika *Nashika Herufi: Kwa Watu Wazima Wanaoanza*."

"Wote? Mama, humo kuna mapadri, kuna masheikh, kuna afisa elimu."

"Wote."

"Kwa nini?"

"Sikuambii kwa nini."

"Mtambo unaandika nani katuma. Litatokea jina langu."

"Nitaandika barua leo hii kwamba nilikuagiza mimi. Tuma, mwanangu. Nakuomba."

Alikata simu bila kusema ndiyo wala hapana.

Nilirudi chumba cha nyuma. Nikawaambia wanafunzi wangu sita wasitoke na wasiongee. Mzee Shabani alikuwa bado ameketi palepale. Nikafunga mlango, na kabla sijafika mezani kwangu nikasikia pikipiki ikizimwa nje.

Idrisa aliingia akinyoosha shati. Alikuwa kijana wa adabu, lazima niseme. Masomo ya kompyuta alisomea kwangu, asubuhi, miaka mitatu nyuma, na kadi yetu ya uanachama alikuwa nayo. Alinipa shikamoo, nikamwitikia. Akaweka simu ya baba yake mkubwa juu ya meza, na meseji imefunguliwa.

"Mama, hii nini?"

Nikaisoma taratibu, ingawa niliijua.

"Meseji ya maktaba," nilisema.

"Naona. Baba mkubwa anaazima vitabu hapa?"

"Mimi sisemi nani kaazima nini, Idrisa. Hata wewe ulipokuwa unasoma hapa sikumwambia mtu."

"Sikuulizi siri. Niambie tu, yeye anajifunza kusoma?"

"Sijibu swali hilo kwa mtu yeyote."

"Ukikataa nitajua ni kweli."

Hapo alikuwa sahihi, na nilijua hivyo. Kukataa kwangu kulikuwa jibu. Kudanganya kungekuwa rahisi, kwamba kitabu ni cha jirani, kwamba namba ilikosewa, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini angesema nifungue kompyuta umeme ukirudi, na ningeanza kujenga uongo juu ya uongo. Nikamwambia aketi kwanza. Hakuketi. Alikuwa anatazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Humo kuna nini siku hizi?"

"Magazeti."

Alipiga hatua moja kuelekea huko. Nami nikasimama, nikazunguka meza, nikajiweka njiani, mwanamke mfupi mwenye miwani. Sijui angenisukuma au angenipisha. Simu yake yeye ililia mfukoni.

Aliitoa akiwa bado ananitazama mimi. Kisha akaisoma. Akaisoma tena kwa sauti.

"Ndugu Idrisa, kitabu ulichoazima, *Nashika Herufi: Kwa Watu Wazima Wanaoanza*..." Akaishia hapo. "Mimi?"

Nje dereva mmoja aliyekuwa amekaa barazani alimwuliza mwenzake kama naye ameitwa mjinga na maktaba. Wakacheka. Simu yangu nayo ikalia kwenye pochi, na bila kuitazama nilijua kwamba nami nadaiwa kitabu hichohicho.

"Mitambo yenu hii, Mama," alisema Idrisa. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na uso wake ulionyesha kitu kama nafuu. "Nilijua tu. Mzee wa watu asome saa hizi aende wapi?"

"Tutatuma samahani," nilimjibu. Sauti yangu ilitetemeka, na nadhani aliichukulia kuwa aibu.

Pikipiki ilipoondoka nilifungua mlango wa nyuma. Hakuna aliyekuwa amesogea. Mzee Shabani alikuwa amefungua tena daftari lake.

"Tuendelee," alisema. "Kesho saini ni asubuhi."

Barua niliyomwahidi Festo niliiandika jioni ileile. Waliniita Njombe kujieleza. Nilisema kosa ni langu, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa halikuwa kosa walilolifikiria wao. Niliandikiwa onyo. Sokoni walinitania miezi mitatu. Muuza nyanya wangu alikuwa akiniuliza kila Jumamosi kama nimefika herufi gani. Sheikh mmoja alikuja na simu yake, akasema kwa upole sana kwamba yeye herufi alishazishika. Nilimeza yote.

Ya Alhamisi alinisimulia Mzee mwenyewe. Walipomsogezea karatasi na kidau cha wino wa dole gumba, alisema, "Ngoja." Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. Ilimchukua muda. Mwenyekiti alitaka kumsaidia, akamzuia kwa mkono. Mstari wa nne alikutana na neno refu, akalikata vipande: ni-me-m-ka-bi-dhi. Alilirudia mara mbili ili awe na hakika. Gereji na kiwanja chake vilikuwa vinakabidhiwa kwa Idrisa, moja kwa moja. Banda halikutajwa popote.

"Alitazama chini," alinisimulia. "Hakukataa. Angeniomba, Mwalimu, sehemu ningempa. Nimemlea mimi." Macho yake yalikuwa mekundu. Niliketi naye tu mpaka akaanza kuvaa koti.

Kabla hajaondoka alitoa *Nashika Herufi* na kuniwekea mezani. "Nimerudisha," alisema. "Sasa nifute."

Nikafungua kompyuta nimfute, nikakuta hakuna pa kumfutia. Kitabu kilisomeka kimerudi, lakini jina lake lilibaki chini yake, na tarehe, na saa. Yalibaki majina ya wote waliowahi kukishika. Nilivinjari kila ukurasa wa mtambo ule. Mzee alisimama akisubiri, na ilinibidi nimwambie kwamba siwezi, kwamba nilimwahidi siri nisiyokuwa nayo. Alinipa mkono, akasema atasubiri.

Miezi yangu ya mwisho kazini niliitumia kwa jambo hilo moja. Niliandika barua, nikakaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu, nikarudia habari ya kadi na dirisha mpaka wakaikariri. Majina ya vitabu yalitolewa kwenye meseji. Kisha Festo, ambaye mpaka leo hajaniuliza kwa nini, alitengeneza kitufe: kitabu kikirudi unakibonyeza, na jina linaondoka lisirudi tena. Neema, ndicho kile kitufe cheusi ulichoniuliza kwa nini kimeandikwa "Wino."

Jina la Mzee ndilo nililolifuta la kwanza. Alikuja kuangalia kwa macho yake, akasoma mwenyewe kwenye kioo mahali lilipokuwa, hapana kitu.

Siku ya kuniaga alihudhuria, na madereva wake wawili walikuja naye. Pale mlangoni mlikuwa mmeweka kitabu cha wageni. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Mtu mmoja alinong'ona kwamba mzee asaidiwe, nikamshika mtu huyo mkono asiende. Aliinama, akaandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, herufi moja moja, mbele ya kila mtu, kisha akaisoma kazi yake kwa sauti ndipo akapisha.

Nilipomwambia nataka kuandika habari hii, alisema niweke jina lake kamili, hana tena cha kuficha. Nimekataa. Shabani si jina lake, wala Singida si kwao. Jina lake limo kwenye kile kitabu cha wageni, droo ya pili kushoto ya meza yako. Aliliweka humo mwenyewe.